Nafundisha watu kutunza pesa, na kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini, nina miaka 38, nina mume na watoto watatu. Nakuandikia usiku, wenyewe wamelala.

Miaka miwili iliyopita niligundua kuwa wavulana wangu wa kidato cha tatu wanatembea kwa miguu kutoka Nkuhungu mpaka shuleni kwa sababu nauli wameimalizia kwenye mikeka ya kubashiri mpira. Sikuwachapa. Niliwaambia waje Jumamosi na daftari jipya, tuandike pesa inaingia wapi na inatokea wapi. Walikuja saba, kisha wakaleta wenzao. Baadaye mama mmoja akanifuata akasema, "Mwalimu, mwanangu kanihesabia pesa ya mkaa ya mwezi mzima nikashtuka. Na sisi tufundishe." Ndivyo darasa la jioni lilivyoanza. Sasa asubuhi nina vijana kama thelathini, na saa kumi jioni wanakuja wakubwa: mama lishe, waendesha bodaboda, wauza mboga wa soko la Majengo, na wazee wawili wanaolima zabibu Hombolo. Silipwi na sijawahi kutaka kulipwa. Nafundisha daftari la mapato na matumizi, tofauti ya hitaji na tamaa, kutenga akiba kabla hujatumia, na kila nikipata nafasi nawaonya wasiwasogelee kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa.

Mama, kadi yangu ya benki iko kwa kausha damu.

Septemba mwaka jana kaka yangu alipata ajali ya bodaboda, mguu ukavunjika sehemu mbili, akatakiwa apasuliwe na kuwekewa vyuma. Bima yangu kaka hayumo. Mshahara wangu tayari unakatwa mkopo wa benki tuliojengea nyumba, na nilipokwenda kuomba nyongeza nikaambiwa nimeshafika kwenye theluthi ya mshahara inayopaswa kunibakia, hawaruhusiwi kunikata zaidi. Mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini, ambaye hata yeye kadi yake iko huko. Nilipewa 800,000 siku hiyo hiyo. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia wanatoa wao. Katika 430,000 zinazonibakia baada ya makato yote, wanachukua 160,000 ya riba na kunipa 270,000. Deni lenyewe halipunguzwi kidogo kidogo, mpaka upeleke 800,000 yote kwa mkupuo. Nimelipa miezi tisa. Nafundisha hisabati, Mama, najua tisa mara 160,000 ni 1,440,000. Na bado nadaiwa 800,000.

Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi zake ni za kupata na kukosa. Nilimwambia makato ya benki yameongezeka. Kwenye kikoba chetu cha akina mama nina hisa za 350,000, na katiba inaruhusu kukopa mara tatu ya hisa kwa riba ya asilimia 10 kwa mkopo mzima. Sikwenda huko kwa sababu lazima usimame useme shida yako mbele ya wote, na katibu wao ni mimi, na vitabu vyao nimewafundisha mimi kuviandika. Tunafunga mikopo Oktoba, kila mtu awe amerudisha, na Desemba tunavunja tugawane.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale kwa mkopeshaji nasubiri kuitwa. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja wa darasa langu la jioni. Tukatazamana. Akageuka, akatoka. Jumamosi hakuja, wala iliyofuata. Binti yake, wa darasa la asubuhi, bado anakuja na anakaa mbele, na kila akinitazama nahisi anajua. Juzi mvulana mmoja akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, wewe akiba yako unaiweka wapi?" Nikajibu maneno ya kuzungukazunguka.

Wanasema mganga hajigangi. Lakini mganga anayewauzia watu dawa ambayo kwake haikufanya kazi si tapeli? Nifunge darasa kabla sijaumbuka? Nimfuate yule mama nimwombe anitunzie siri? Au nisimame Jumamosi niseme yote, halafu mume wangu ayasikie mtaani?

Mwalimu wa Jumamosi, Dodoma

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kaka kwanza. Umeandika barua ndefu lakini hukuniambia kama sasa anatembea, nami nimebaki na shauku ya kujua, maana kaka huyo ndiye chanzo cha yote haya na kwenye maswali yako yote hayumo.

Nimekusoma mara mbili. Umeniuliza kuhusu darasa, lakini naona umefunga deni, siri na darasa kwenye pindo moja la kanga, na fundo limekaza kiasi kwamba huwezi kugusa kimoja bila kuhisi vyote vinamwagika. Hebu tulilegeze.

Nianze na yule mama, kwa sababu nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Unasema alikuona. Sawa. Lakini yeye alikuwa amefuata nini pale? Ofisi ile haiuzi maji wala vocha. Mtu hafungui mlango ule mwisho wa mwezi kwa kupotea njia. Ama alikuwa anakuja kukopa, ama anadaiwa, ama anamdhamini mtu. Na mtu wa kwanza aliyekutana naye macho kwa macho ni mwalimu wake, yule anayemwambia kila Jumamosi asiwasogelee watu hao. Wewe umeisoma ile geuka yake kama dharau. Jaribu kuisoma kama aibu. Inawezekana tangu siku ile amekaa ndani akisema, "Mwalimu kaniona, nitamtazamaje?" Sijui moyo wake, nawe huujui, lakini kati ya tafsiri hizo mbili umechagua ile inayokuumiza, ukaacha ile inayoonyesha kwamba naye huenda anahitaji kuokolewa. Na binti yake anayekaa mbele huenda anakaa mbele kwa kuwa anapenda somo.

Sasa neno lako zito, tapeli. Mwanangu, hukukopa ununue kochi. Ulikopa kaka atibiwe mguu. Ulikuwa na daftari, ulijua hitaji na tamaa, ulikuwa na akiba kikobani, benki ulikwenda, na bado ukaishia kwenye lile benchi. Hapo ndipo nataka ukae kidogo nami, kwa sababu ninavyoona mimi barua yako haikuonyesha kasoro ya mwalimu. Imeonyesha sehemu ambayo somo lenyewe halijafika.

Tunapofundisha mambo ya pesa, vijana kwa wakubwa, mara nyingi tunafundisha kana kwamba umaskini unatokana na soda na vitenge. Andika, punguza, weka akiba. Kwa wavulana wa mikeka somo hilo ni sahihi na limewasaidia. Lakini watazame wale wazee wako wa Hombolo. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo pesa yao haiji kwa mwezi, inakuja kwa kishindo kisha inakata. Ukiwaambia watenge kila mwezi unawafundisha mshahara ambao hawana. Mkulima wa alizeti au mtama wa mkoa huu yuko hivyo hivyo, mvua ni moja, mavuno ni Mei hadi Julai. Halafu Januari inafika, ghala limepungua, na siku zile zile shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali imefutwa, ndiyo, lakini sare, viatu, madaftari na nauli havijafutwa. Mtu anayekwenda kwa kausha damu mwezi huo anajua vizuri tofauti ya hitaji na tamaa. Amekwenda kwa sababu ya hitaji.

Umewaonya wasiwasogelee. Je, umewahi kuwaeleza mtu anayefika pale amepitia njia gani? Wewe njia hiyo unaijua hatua kwa hatua.

Tufanye hesabu kidogo, wewe na mimi, maana najua namba hazikutishi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji kwenye madaraja. Wale wasiopokea amana, wanaokopesha mtaji wao wenyewe, wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 800,000 hiyo ni 28,000 mwezi wa kwanza. Chukua sasa zile zile 160,000 unazolipa, uzilipe kwa riba hiyo kwa deni linalopungua. Mwezi wa kwanza unabakiwa na deni la 668,000, wa pili 531,000 na kitu, na mwezi wa sita unamalizia kwa chini ya laki moja. Miezi sita. Wewe umelipa tisa na hujaondoka pale ulipoanzia. Kosa la asilimia 20 hiyo si lako peke yako, mwanangu, na ningependa uache kulibeba kana kwamba ni dhambi yako binafsi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ningekuuliza tungekuwa tumekaa jamvini ni hili: huyo mkopeshaji ana leseni? Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Jina lake likikosekana, deni halifutiki kwa hilo, ulichochukua ulichukua. Ila mazungumzo yako naye yanabadilika, na hufai kuyafanya peke yako. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa rasmi na kuhudumia bure. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Nenda na karatasi uliyosaini. Kama hukupewa nakala, liseme na hilo.

Kuhusu kadi, najua wengine huenda benki, wakasema imepotea, wakachukua nyingine. Sikushauri uongo juu ya uongo. Kubadilisha namba ya siri ya akaunti yako ni haki yako, na namba hiyo haikupaswa kutoka kwako kamwe. Lakini ukifunga mlango huo leo, huku deni halijapangiwa utaratibu, anaweza kuja shuleni kupiga kelele, na yule mwalimu mwenzako aliyekupeleka anaweza kubanwa yeye. Fikiria pia kwamba naye yuko kwenye shimo lile lile. Mmewahi kukaa mkazungumza kama wadaiwa wawili, au mnasalimiana tu ofisini?

Halafu kikoba. Hapa nitasema kwa uwazi, na unisamehe nikikuchoma. Ungekopa kikobani 800,000, riba yote ingekuwa 80,000. Ulikwepa kusimama mbele ya wanawake wenzako useme, "Kaka yangu kavunjika mguu." Ukwepaji huo umekugharimu 160,000 kila mwezi. Nimewaza sana hilo neno, ukiwa katibu. Ulidhani katibu haruhusiwi kuwa na shida? Wanawake wale wanatia pesa kwenye mfuko wa jamii kila wiki kwa ajili ya msiba na ugonjwa wa mwenzao. Wangeshindwa kuuelewa mguu wa kaka?

Njia hiyo bado iko wazi, lakini haina ulaini. Mnafunga mikopo Oktoba. Ukichukua sasa, una kama miezi minne ya kurudisha 880,000, yaani 220,000 kwa mwezi. Katika 430,000 utabakiwa na 210,000, pungufu ya 60,000 kwa hizo 270,000 unazopewa leo, na hapo hatujagusa hisa zako za kila wiki. Nyumba yenye watoto watatu itasikia. Tofauti ni kwamba deni hili lina mwisho, Oktoba, na Desemba mkivunja utapata hisa zako na gawio. Na kama mfuko hauna pesa ya kutosha sasa hivi kwa sababu wengine wamekopa, unaweza usipate zote. Njia nyingine ni SACCOS ya walimu kama wewe ni mwanachama, ingawa kwenye makato ya mshahara ile theluthi itakusubiri huko pia. Au kaka mwenyewe na ndugu wengine. Mguu ni wa kaka, mzigo ukawa wa dada peke yake, na hilo la ndugu kukaa kikao halikutajwa popote kwenye barua. Huwa tunawaona wenye mshahara kama kisima. Hata kisima hukauka kiangazi, na ndugu zako huenda hawajui kuwa umefika matopeni.

Lakini hesabu ya 210,000 haiwezi kufanyika nyumbani mwako bila baba wa nyumba kujua. Ndiyo maana sijui kama swali la darasa linaweza kutangulia swali la mume. Umeniambia kazi yake, hujaniambia tabia yake. Ni mtu wa kusikiliza? Alimpenda shemeji yake? Ulimdanganya kuhusu makato, na hilo litamuuma pengine kuliko deni lenyewe, kwa sababu miezi tisa amekuwa akipanga nyumba kwa namba zisizo za kweli. Huenda atakasirika siku kadhaa. Huenda pia atasema naye ana deni mahali, nimeyaona hayo mara nyingi kuliko unavyodhani. Ila kama unaogopa mkono wake na si hasira yake tu, usianze ukiwa peke yako naye. Mshirikishe mtu anayemheshimu, mama mkwe, mchungaji au shehe, mjomba, na uniandikie tena.

Sasa darasa. Ukifunga utapumua kwa wiki mbili tatu. Kisha nadhani utaanza kuwaza wale thelathini wa asubuhi. Wakitimiza miaka 18 simu zao zitaanza kuwaita wakope kwa kubofya, na Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila idhini. Nani atawaonyesha jinsi ya kukokotoa riba ya mwezi kuwa ya mwaka? Kwa upande mwingine, kuendelea huku umebana pumzi, ukiomba mlango usifunguliwe, kunachosha, na vijana hunusa. Yule aliyekuuliza akiba unaweka wapi huenda alinusa, huenda hakunusa.

Kusema yote mbele ya darasa kuna uzuri wake na kuna hatari yake, na nisingependa ukimbilie. Mwalimu anayesema "mimi pia" huweza kuwafungua watu kumi waliokaa na kadi zao kwenye benchi lile. Lakini wanafunzi wako wa asubuhi ni watoto. Si kila jeraha la mtu mzima ni la kubebeshwa mtoto, na keshokutwa yake ni Jumatatu ya shule, una darasa la kuliongoza. Kwa wakubwa wa saa kumi ni tofauti. Na hata kwao unaweza kuanza na somo kabla ya kukiri: andika ubaoni mkopo wa 800,000, riba asilimia 20, mtaji hauguswi, uwaulize baada ya miezi tisa huyu mtu yuko wapi. Usiseme ni nani. Sikiliza watakachosema juu ya mtu huyo. Ukisikia huruma, utajua. Ukisikia kicheko, utajua pia, na hutakuwa umejianika.

Hata hivyo yule mama angestahili kuwa wa kwanza kusikia kutoka kwako, na asisikie ubaoni. Ukimwendea kumwomba akutunzie siri, utakuwa umemfanya mlinzi wa mlango wako, na yeye wake umebaki wazi. Ukienda kumjulia hali tu, umkute jikoni au gengeni siku ambayo si ya darasa, useme, "Tulionana pale, mimi nadaiwa, wewe hujambo?" halafu ukae, mazungumzo yatajitafutia njia. Inawezekana asiseme kitu. Inawezekana akuambie kwamba siku ile alikuwa anakuja kukopa, na kwa kukuona akageuka, akaenda nyumbani bila deni. Usinijibu mimi, kamuulize yeye.

Na yule kijana. Umesema ulimjibu kwa kuzungukazunguka, nami niliposoma hapo nilirudi juu kutazama tena, kwa sababu jibu la kweli unalo na umeliandika mwenyewe. Akiba yako, 350,000, iko kikobani. Umezihesabu shilingi unazodaiwa mpaka ukasahau ulizoweka. Hilo unaweza kumjibu Jumamosi hii hii bila kusema uongo hata kidogo. Anaweza kuuliza swali la pili, "Na umeshawahi kukopa?" Hapo sitakuwekea maneno mdomoni. Una siku chache za kulifikiria, na ungekuwa umelala nyumba moja na mtu anayejua ukweli, ungelifikiria vizuri zaidi.